Nane Nane Iingie Nyumbani

Idi ikikaribia, kila mtoto wa nyumba anajua kitakachopikwa. Krismasi hali kadhalika: kuku wameshawekewa oda, fundi cherehani anapigiwa simu kila jioni, na tiketi za basi za kwenda Moshi zimekwisha. Sasa muulize mtoto huyo huyo Nane Nane kwao ni siku gani. Atakwambia ni siku ya kutokwenda shule. Ukimbana zaidi atasema ni siku ya kwenda kumwona simba.

Simpingi. Simba kweli huletwa kwenye maonyesho ya kilimo, katika banda la maliasili, na foleni yake mara nyingi ndiyo ndefu kuliko zote uwanjani. Ninachosema ni kwamba sikukuu yenyewe haijaingia majumbani. Tumewaachia wenye viwanja, jukwaa kuu na televisheni. Zamani wakulima walisherehekewa Saba Saba, tarehe ambayo chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954. Kufika miaka ya 1990 Saba Saba ikabaki ya wafanyabiashara na wakulima wakapewa Agosti 8. Tarehe ikahama, mabanda yakahama, lakini hakukuwa na desturi ya nyumbani ya kuhama nayo. Hakuna chakula cha Nane Nane. Hakuna hata salamu yake. Majirani zetu wa Rwanda wana Umuganura, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, sikukuu ya mavuno yenye mizizi tangu enzi za wafalme: familia hukusanyika, kilichovunwa huwekwa mezani, watoto hupewa maziwa. Mwezi ni huo huo, kiangazi ni hicho hicho. Wao wanakula pamoja, sisi tunasikiliza hotuba.

Nawaandikia hasa familia za mjini. Mkulima mwenyewe hana haja ya kuelekezwa, na wengi wao tarehe 8 wako shambani kama kawaida. Ni sisi tunaokula kwa jasho lao ambao tumekaa mbali. Takriban theluthi mbili ya kaya za Tanzania Bara zinashughulika na kilimo au mifugo, maana yake ni kwamba karibu kila familia ya Dar es Salaam, Mwanza au Arusha ina mkulima wake mahali fulani: bibi, shangazi, mjomba, kaka aliyebaki na shamba la baba. Sikukuu hii ni yake. Ushauri wote unaofuata unamzunguka yeye.

La kwanza: itenganisheni ziara ya uwanjani na sikukuu yenyewe. Maonyesho huanza Agosti 1 na kilele ni tarehe 8, lakini familia nyingi hujazana siku ya kilele peke yake, siku ambayo haifai kabisa kwa watoto. Kuna mgeni rasmi, kuna msafara, kuna ukaguzi getini na barabara kufungwa. Wataalamu unaotaka kuzungumza nao wamesimama wima na fulana mpya wakisubiri kiongozi apite bandani kwao. Hawana muda na wewe. Ikifika jioni, wengine wameshaanza kufungasha. Nendeni kati ya tarehe 3 na 6, Jumamosi au Jumapili ikiangukia humo ni bahati yenu. Kama siku zote hizo ni za shule, mwulizeni mwalimu, kwani shule nyingi hupanga ziara, na mzazi mmoja anaweza kuomba kuongozana nao. Tarehe 8 yenyewe ibaki ya nyumbani.

Uwanja upi? Watu wa Dar es Salaam, Pwani, Tanga na Morogoro wenyewe hukutana Morogoro, viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere. Dodoma na Singida ni Nzuguni. Nyanda za Juu Kusini ni viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, Kaskazini ni Themi, Arusha, kusini ni Ngongo, Lindi, na Kanda ya Ziwa wana Nyamhongolo, Mwanza, na Nyakabindi, Simiyu. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja na watoto si adhabu tena, ili mradi tiketi zikatwe mapema. Mbeya mwezi wa nane asubuhi ni baridi ya kweli. Mtoto wa Pwani apelekwe na sweta, siyo kashati. Nzuguni kuna upepo na vumbi. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, asiiache kwenye gari.

Mkishafika, na mfike saa tatu asubuhi siyo saa saba mchana, msianzie kwenye mabanda. Anzieni kwenye vipando. Hapo ndipo penye mali, na ndipo watu wanapopapita mbio wakielekea kwenye muziki. Vipando ni vishamba vidogo vilivyolimwa maalumu kwa maonyesho, vikamwagiliwa kiangazi kizima ili tarehe hizi viwe vimekomaa: mahindi aina sita bega kwa bega, mpunga, alizeti, ufuta, mtama, mboga za majani. Kila tuta lina kibao cha jina la mbegu. Pale kuna mtu, kwa kawaida kijana wa utafiti au afisa ugani mwenye kofia, ambaye tangu asubuhi hajaulizwa swali la maana.

Mwombeni huyo awaonyeshe karanga. Mtoto wa mjini anaijua karanga kwenye kikaratasi cha muuza kashata. Mwambie ataje inapozaa. Wengi watasema kwenye tawi, kama choroko, au kwenye mizizi, kama kiazi. Kijana ataingiza vidole chini ya mche, atautikisa taratibu na kuung'oa na udongo wake. Juu kuna ua dogo la manjano. Chini yake, pale ua la zamani liliponyauka, umetoka ujiti mwembamba wa kijani wenye ncha, umeinama kuelekea ardhini. Mwingine umeshachoma udongo nusu. Mwingine umezama, na ncha yake imeanza kuvimba. Mwingine tayari ni ganda, jeupe na laini, ukilibonyeza linatoa maji. Hatua zote ziko kwenye mche mmoja, mkononi. Ua huchanua juani na tunda hujizika lenyewe. Mtoto aliyeona hilo hatakuuliza tena kwa nini shangazi yake anahangaika kupandishia udongo kwenye mashina ya karanga: udongo ukiwa mgumu, zile ncha hazipenyi, na palipo ncha nje hapana karanga.

Huo ndio mtindo ninaoupendekeza kwa uwanja mzima. Kitu kimoja kionwe vizuri, na kila mtoto aondoke nyumbani na swali lake moja la kwenda kuuliza. Siyo kumi. Mdogo aulize ng'ombe wa maziwa anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Mkubwa, kama kwenu ni Mbarali au Kilombero, aulize kwenye banda la mpunga kwa nini watu wengi walihamia SARO 5 na wapi bado wanaona mchele wa zamani una harufu nzuri zaidi. Kama kwenu ni Mkuranga, akaulize habari za muhogo wa Kiroba. Taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, ina vituo kwa mazao mbalimbali, Naliendele kwa korosho, Ukiriguru kwa pamba, Tengeru kwa mboga na matunda, na watafiti wake hufurahi wakiulizwa na mtu mwenye shamba halisi nyuma ya swali. Jibu liandikwe kwenye daftari, kwa sababu tarehe 8 litasomwa. Baada ya hapo, nendeni kwa simba. Hakuna mtoto atakayekusamehe ukimnyima simba.

Mambo ya usalama nitayasema haraka, maana mnayajua. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu mkononi mwa mtoto mdogo, juu ya kifundo, siyo kwenye karatasi itakayoangukia chooni. Chagueni mahali pa kukutania palipo na alama isiyohama. Siyo mahali lilipopaki gari la barafu. Mikono ioshwe baada ya kushika mifugo na kabla ya mishikaki. Maji mtoke nayo nyumbani. Fedha ya matumizi igawanywe mapema, na kila mtoto ashike yake, hata kama ni ndogo. Ndiyo njia pekee ya kukwepa kelele za bembea, mapulizo na miwani ya plastiki mbele ya kila meza. Kuhusu mabeseni, vyungu vya kukaangia na dawa inayotibu kisukari, presha na mapenzi kwa chupa moja, sina la kusema ila kwamba vipo Kariakoo mwaka mzima.

Lakini kuna vitu viwili vinavyouzwa uwanjani ambavyo lazima nivisimamie. Kimoja ni vifaranga. Mtoto akimwona kifaranga wa siku moja, wa manjano, katika kiganja cha muuzaji, mzazi ameshashindwa. Msinunue kama hamjajiandaa. Kifaranga asiye na mama anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na usiku wa Agosti haukupi joto hilo hata Dar es Salaam, sembuse Iringa. Anahitaji taa au jiko la mkaa lenye ulinzi, chakula chake maalumu, maji safi na chanjo. Wale watano mliowanunua kwa furaha watakufa mmoja mmoja ndani ya wiki na mtoto atajifunza kitu kingine kabisa kuhusu ufugaji. Kama kweli mnataka kuku, mpelekeeni bibi wa kijijini fedha ya chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wake wote. Mtakuwa mmeokoa kuku ambao tayari wapo.

Cha pili ni mbegu. Uwanjani kuna mbegu nzuri na kuna mifuko iliyojazwa nyuma ya banda. Nunueni kwa kampuni au taasisi inayotoa risiti, mfuko uwe umefungwa kiwandani na una lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Mnunulieni mjomba mbegu inayofaa kwake, kwa hiyo kabla ya kulipa mpigieni simu mumwulize mvua za kwao zinakaa miezi mingapi. Mahindi ya miezi mitano yaliyopendeza Mbeya ni zawadi ya hasara kwa mtu wa Dodoma.

Sasa tuje nyumbani, tarehe 8 yenyewe.

Kiini cha siku ni chakula cha mchana, na napendekeza kanuni moja tu: sinia liwe na angalau kitu kimoja kilicholimwa na mtu mnayemjua kwa jina. Kimoja kinatosha. Kinaweza kuwa unga wa mahindi ya bibi, maharage aliyotuma dada wa Karatu, mchele wa Kyela uliokuja kwenye buti la basi, ndizi za Rungwe, michembe iliyoletwa na mgeni kutoka Shinyanga na mkaisahau kabatini kwa sababu watoto hawaijui. Mwezi wa nane ni mwezi mzuri kwa hili kwa sababu mavuno ya msimu yameshaingia ndani. Magunia yapo, na bei bado haijapanda kama itakavyokuwa Januari. Agizeni wiki mbili kabla. Na mlipe. Tuna tabia mbaya ya kuona kinachotoka kijijini ni cha bure, eti ni cha kwetu, halafu tunalipa bila kulalamika sokoni kwa mtu baki. Mlipeni shangazi bei ya soko la mjini, mtoe nauli ya mzigo juu yake, na msimwombe ashindilie lumbesa.

Mapishi yawe ya kwao na mkulima huyo. Hapa ndipo nyumba nyingi zitakwama, kwa sababu baba ni wa Kyela na hatambui mchele mwingine wowote duniani, mama ni wa Tanga na anataka bada kwa samaki, watoto wanataka chipsi. Pokezaneni miaka: mwaka huu kwa baba, mwakani kwa mama. Chipsi zinaruhusiwa ikiwa mtoto anaweza kutaja viazi vimetoka wapi. Mwaka wa Wachaga pikeni machalari au mtori. Mwaka wa Wasukuma pikeni michembe, mtie karanga za kutwanga, na mlenda pembeni. Mtu wa Mtwara atafute ming'oko. Siku hizi Dar es Salaam inapatikana ukimjua anayeileta, na haitaki makuu, chumvi na pilipili tu. Muhimu zaidi ya ladha ni kwamba anayekijua chakula ndiye asimamie jiko, hata kama ni babu ambaye hajawahi kushika mwiko mbele ya wakwe zake. Vijana wa kiume wamenye, watwange, wakoroge. Wageni waalikwe: jirani ambaye kwao ni kwingine ndiye mwenye maswali mazuri.

Je, kama hamna mtu kijijini? Wapo watu wa namna hiyo, vizazi vitatu mjini, shamba liliuzwa zamani. Nyie nendeni sokoni tarehe 7 jioni pamoja na watoto, na kwa kila mnachonunua mwulizeni muuzaji kimetoka wapi. Mama mboga anajua, na hupenda kuulizwa kuliko kuombwa apunguze. Atakwambia nyanya ni za Ilula, vitunguu ni vya Mang'ola kule karibu na Ziwa Eyasi, kabichi ni ya Lushoto, machungwa ni ya Muheza. Kesho yake bandikeni ramani ya Tanzania ukutani, na kila kinachoingia sufuriani mtoto akitie alama mahali pake. Kachumbari peke yake itawatembeza mikoa mitatu. Mtoto wa darasa la nne atajifunza jiografia zaidi asubuhi hiyo kuliko muhula mzima, na nasema hivyo bila nia ya kuwavunjia heshima walimu.

Kabla ya kula kuna mtu mwingine wa kuangalia, naye yuko jikoni. Katika nyumba nyingi za mjini, msichana wa kazi ndiye mtoto halisi wa mkulima. Ametoka Singida, Iringa au Kigoma miezi saba iliyopita. Anajua kupalilia, anajua kupepeta, anajua mahindi yaliyokauka vizuri yanavyolia yakimwagwa. Baba mwenye nyumba hajui lolote kati ya hayo. Halafu siku ya wakulima yeye ndiye anayeosha vyombo vya watu waliokaa wakiwasifu wakulima. Hapana. Siku hiyo ni ya mapumziko kwake kama ilivyo kwenu. Akitaka kwenda kwa ndugu zake, aende. Akibaki, aketi mezani, na akiwa tayari, yeye ndiye awaeleze watoto shamba la kwao likoje. Kama mnamhitaji afanye kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kazi siku ya sikukuu hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Mlinzi wa getini anahusika pia.

Baada ya chakula, daftari lile la uwanjani lifunguliwe na kila mtoto asome swali lake na jibu alilopewa. Kisha mpigieni simu mkulima wenu, kwa spika, watoto wote wakisikia. Msimwulize hali tu. Mwulizeni mambo ya kazi yake: mlipanda lini mwaka huu, mvua ilikatika wapi, mmevuna magunia mangapi, mmeuza mangapi na kwa bei gani, mmebakiza mangapi ya kula. Acheni mtoto mmoja aandike namba hizo na azijumlishe. Magunia aliyouza mara bei aliyouzia gunia, toa mbolea, toa mbegu, toa vibarua, toa usafiri. Mara nyingi jibu litanyamazisha meza nzima. Liandikeni na tarehe, na mwakani rudieni hesabu ile ile. Baada ya miaka michache mtakuwa na kumbukumbu ya shamba lenu ambayo pengine hakuna mwingine aliyeiweka, hata mwenye shamba.

Vijana wa sekondari, ambao simu ya bibi inawachosha, wapeni kazi ya hotuba ya kilele. Wasiisikilize yote; wasikilize jambo moja. Mathalani ruzuku ya mbolea, iliyoanza msimu wa 2022/23: kiongozi amesema nini kuihusu mwaka huu? Kisha wamwulize mjomba kama mfuko ulimfikia, lini, na kwa bei gani. Tofauti kati ya majibu hayo mawili, ikiwapo, ni somo la uraia. Ikiwa hakuna tofauti, ni habari njema na ni vizuri wajue pia.

Zawadi. Tumezoea kumpelekea bibi kanga, sukari na majani ya chai, na sikatazi, lakini Nane Nane ina zawadi zake. Ninayoiweka mbele ya zote ni mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, inayojulikana zaidi kama mifuko ya PICS. Ni mifuko miwili ya nailoni nzito iliyowekwa ndani ya kiroba cha kawaida. Mahindi yakiwa yamekauka sawasawa, unajaza, unakamua hewa, unakaza kila mfuko kwa kamba, mmoja baada ya mwingine. Wadudu waliobaki ndani huimaliza ile hewa ya oksijeni kidogo wakashindwa kula, wakashindwa kuzaa, wakafa. Hakuna dawa ya unga inayochanganywa na chakula. Dumuzi, mdudu ambaye wakulima walimbandika jina la Scania, anashindwa humo. Faida yake ni kubwa kuliko kuokoa punje: mkulima mwenye mahala salama pa kuweka mahindi halazimiki kuyauza yote Julai kwa bei ya kutupa, halafu Februari anunue unga dukani. Mpelekeeni mifuko mitano. Mwambieni pia asiitoboe kwa kidole akiangalia kama mahindi yapo, maana tundu moja linaharibu kazi yote, na panya wazuiwe. Zawadi nyingine za aina hii ni turubai la kuanikia, mabuti ya mpira, miwani ya kusomea. Miwani ya kusomea msiidharau: kibandiko cha dawa ya kunyunyizia kina maandishi madogo mno, na mtu wa miaka 60 asipoyasoma anapima kwa macho.

Wanaoweza kusafiri hadi shambani kwenyewe wasafiri, hasa kama sikukuu imeangukia Ijumaa au Jumatatu. Ila nina ombi moja kuhusu miti. Katika sikukuu za taifa tunapenda kupanda miti na kupigwa picha. Agosti, sehemu kubwa ya nchi ni kiangazi kikavu. Mche utakaopandwa tarehe 8 bila mtu wa kuumwagilia hautaiona Septemba. Msipande. Chimbeni mashimo. Kwa mwembe au mchungwa, shimo la sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu uwekeni upande wake, wa chini upande wake, kisha mchanganye ule wa juu na ndoo mbili za samadi iliyoiva na kuurudisha shimoni. Wekeni kijiti katikati ili mahali pasipotee. Mvua za vuli zikianza, au za msimu kule ambako vuli haipo, mche unaingia hapo na unakuta chakula tayari. Kuchimba ni kazi ya nguvu, inachangamsha vijana, na kila mtoto akiwa na shimo lake atakuwa na sababu ya kuuliza mvua imenyesha lini. Picha pigeni tu, na jembe mkononi inapendeza.

Kwa wasomaji wetu walioko ughaibuni, mwezi wa nane huko Ulaya na Amerika Kaskazini ni majira ya joto hasa, na mambo ni rahisi: bustani za umma ziko wazi, jua linachelewa kuzama, na Jumamosi iliyo karibu na tarehe 8 inatosha. Chukueni kanuni ile ile ya kitu kimoja siniani, hata kama ni unga wa muhogo mliotumiwa. Walioko Muscat hawawezi kukaa nje mchana wa Agosti. Fanyeni usiku, au muungane na familia zinazokwenda Salalah wakati wa Khareef, ambako manyunyu yamegeuza milima kuwa kijani na kando ya barabara kuna vibanda vya madafu, mapapai na ndizi. Mtu wa Pwani atajiona yuko kwao.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi, na wala hayahitaji yafanyike yote kwa mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza chakula na simu vinatosha. Ila simu hiyo msiiache hadi saa nane mchana bila kumtaarifu. Mtumieni ujumbe siku moja kabla, mpange saa, maana mkulima wenu siku ya wakulima ana uwezekano mkubwa wa kuwa bondeni anamwagilia mboga, na huko mtandao haushiki.